Kapu la Mume Wangu Limesimamisha Harusi ya Binti Yetu

Maman Ingabire mpendwa,

Naomba msaada, na tafadhali nijibu upesi, kwa sababu mume wangu ni mzima wa afya, anacheka, anaimba, anatembea, na mimi ndiye ninayekonda. Jina langu usilitoe gazetini, mimi ni mama wa heshima na nina mgahawa hapa Kamembe, ule wa mlango wa kijani jirani na msikiti, pilau kila siku isipokuwa Ijumaa mchana, wafanyabiashara wote wa Bukavu wananijua.

Mume wangu Twahiru ni fundi viatu, na ni mtu mwema, hapigi, hanywi, lakini miaka miwili sasa hali nyama, hanywi maziwa, hagusi mayai, hata asali anasema ni ya nyuki, kana kwamba nyuki wamekuja kumshitakia, na samaki ndiyo usiseme, samaki aliacha zamani, tangu mwaka wa mauaji, wa tisini na nne, ziwa likiwa vile lilivyokuwa, wengi waliacha mwaka ule, basi hayo tuyaache, lakini mwanaume anayeshona ngozi ya ng'ombe toka asubuhi mpaka alasiri halafu anamwonea huruma ng'ombe huyo huyo kwenye sahani, wewe umemsikia wapi? Rafiki yake mmoja alimwambia Ulaya wapo watu wa namna hiyo na wana jina lao, akafurahi utadhani amepewa paspoti.

Angekaa nyumbani na maharage yake ningevumilia, lakini tangu barabara zilipotulia bwana amekuwa mtalii, kila Jumamosi anafunga kibanda anabeba kapu, leo maji moto ya Bugarama, wiki ijayo Gikundamvura kutazama mashamba ya watu, nyingine anavuka daraja kwenda Bukavu, na kapuni mna vitu alivyopika mwenyewe, mkate wa mchele, sambusa za dengu, kashata za karanga, ndizi za kukaanga kwa mawese, sombe ya majani ya muhogo na karanga ndani ya kopo la maziwa ya unga, na sitasema uongo, vinanukia mtaa mzima, anakaa kando ya yale maji anakula polepole, anarudi ananisimulia milima kana kwamba mimi nilizaliwa baharini.

Sasa balaa, maana siku hizi huku kila mtu anaogopa kulishwa sumu. Maman Antoinette wa Bukavu, mteja wangu wa miaka, amesimama mlangoni kwangu hakuingia, akasema, «Maman, miye nakupendaka, lakini kama bwana yako mwenyewe hakulake kwako, miye nikule niko nani?» Tangu siku hiyo wateja wanapita wakinisalimu kwa adabu kubwa na matumbo matupu.

Hilo dogo. Binti yetu Mukeshimana ameposwa na kijana wa Mzee Hakimu, mkulima wa mpunga kule Bugarama, harusi iwe kabla ya Ramadhani, tukaenda kuwatembelea wakwe, wakatuandalia wali na nyama ya ng'ombe na maziwa ya kujaa kikombe, na Twahiru wangu, mbele ya wazee, akasogeza sahani, akasogeza maziwa, Maman Ingabire, maziwa! Akafungua kapu lake akala chake. Kisha akaona nyuso zimebadilika, akataka kutengeneza, akatoa kifurushi kingine cha mkate wa mchele, kimefungwa kwenye majani ya ndizi, akampa mama mkwe wa binti yetu bila kumega hata kipande mbele yake, na wewe unajua kwetu anayetoa ndiye anayeonja kwanza. Mama mkwe akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda nyuma akampa mbuzi.

Mbuzi hajambo. Nasikia hata amenenepa. Lakini Mzee Hakimu ametuma maneno: «Siye hatuna neno na mutoto wenu. Lakini muntu anakuja kwetu na chakula yake, maziwa yetu anaikataa, anawaza siye tunalogaka batu? Vita imeisha, na ye bado anatuogopa?» Harusi imesimama, Mukeshimana halali, ananiangalia mimi.

Nisije nikaonekana naficha, kuna jambo moja dogo. Mwaka jana nilichoka kumpikia sufuria yake peke yake kama mgonjwa, nikatia mchuzi wa mifupa kwenye maharage yake siku kadhaa, akala, akasifu, nikamwambia huku nacheka, unaona hukufa? Toka siku hiyo anajipikia. Lakini huo ulikuwa utani tu. Nimfanyeje mtu huyu aache kapu?

Ni mimi, Zulaikha (usiandike).

*

Zulaikha,

Jina lako mhariri amesahau kulifuta, utusamehe, ingawa kwa mlango wa kijani na pilau uliyoitangaza bure hata kipofu angekufikia.

Pole. Nasema pole kwanza kwa sababu sitaisema tena mpaka mwisho. Umeandika kurasa tatu za kapu, mbuzi na nyuki, ukaniwekea kosa lako chini kabisa, ukaliita dogo. Mama, mtu anayetia chakulani mwa mwenzake kitu asichokijua, kwetu anaitwaje? Mchuzi wa mifupa hauui, kweli. Lakini Twahiru hakujua alichokuwa anakula katika nyumba yake, kwa mkono wa mke wake, na ulipomwambia ulicheka. Maman Antoinette anakusingizia sumu, huo ni uongo. Kwamba mume wako hali kwako kwa hofu, huo ni ukweli, na wewe ndiye uliyeutengeneza.

Halafu samaki. Umepita hapo mbio mno. Kaka yangu aliingia kwenye mtumbwi mwaka ule kuvuka upande wa pili, hakufika, na mimi sambaza, wale dagaa wa ziwani, sijawatia mdomoni hadi leo, na hakuna mtu anayenicheka kwa sababu hakuna mtu aliyeniuliza. Sijui mume wako aliona nini. Wewe unalala naye kitanda kimoja, nawe hujui pia. Muulize, umsikilize, usimjibu kwa maneno ya ng'ombe na ngozi. Hayo ya ngozi mwachie mwenyewe, ana kichwa.

Mtu aliyepita miaka ile, na sasa anaweza kukaa kando ya maji moto na sambusa ya dengu akafurahi, wewe unataka kumponya ugonjwa gani? Mwenzangu wa jirani ana mume anayesafiri kila Jumamosi bila kapu, na hali chakula cha mkewe kwa sababu anakula kwa mwingine. Mbadilishane basi.

Twahiru naye asidhani amepona kalamu yangu. Fundi, wewe ni mtoto wa hapa. Maziwa ya wakwe hayasogezwi kimyakimya, yanapokelewa kwa mikono miwili, unasema sababu yako, unampa mkeo anywe. Na mkate unaugawa baada ya kuumega na kuutafuna mbele ya watu. Nchi nzima sasa hivi inaonja kwanza, wewe umepitia wapi usijue?

Basi fanyeni hivi. Leo, si kesho, mtumie Mzee Hakimu salamu kwamba mnakuja Jumapili. Usibebe pilau. Twahiru aache kapu nyumbani, siku hiyo moja tu. Ukifika omba ruhusa kwa mama mkwe uingie jikoni kwake, mbele ya macho yake, upike maharage kwa mawese, bila samli, bila mfupa, bila ujanja.

Kabla ya kupakua, wakiwa wamekaa wote na binti yako akisikia, sema ulichofanya. Chote, na mchuzi, na kicheko. Mwambie Mzee Hakimu: «Haogope ninyi. Ananiogopa miye, na ni miye nilimufundisha.» Ndiyo, maneno hayo yatafika Kamembe kabla yako, na mgahawa utayumba miezi kadhaa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na anayetaka kufa hapa ni ndoa ya mwanao, si pilau yako.

Kisha onja wewe kwanza, umeze, umpe mumeo sahani kwa mikono miwili. Usimsihi, usimtazame mdomo. Akila, harusi ipo. Akikataa, pole sana mama yangu: osha sufuria ya watu, urudi nyumbani, na kesho yake umpikie tena.