Mashine Iliyobebwa Mgongoni

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu kuibwa kwa mashine ya kuhesabu katika Kampuni Tujenge

Kituo cha askari wa jandarmeri, Lubumbashi, Jumanne tarehe 21 Mai 1974

Jina: Feza Amadi
Umri: miaka 23
Kazi: mwanafunzi wa uhasibu na fedha, yuko mwaka wa staji, mazoezi ya kazi
Makazi: Naviundu, kwa wazazi wake

Nasema haya kwa hiari yangu mbele ya askari wa kituo, adjudant Mukuka, na nimekuja mwenyewe, sikuitwa.

Tangu Oktoba mwaka jana nafanya staji katika biro, yaani ofisi ya hesabu, ya Kampuni Tujenge, wanaouza unga kwenye kambi za wafanyakazi wa migodi. Chuo kilituma wasichana wawili, mimi na Kapinga, yule mliyemfungia chumba cha pili. Staji inakwisha Julai. Shefu wetu, citoyen Mumba, alituambia siku ya kwanza kwamba nafasi ya kazi iko moja tu, na mmoja wetu ndiye atakayependekezwa. Kwa hiyo ujue mapema, shefu adjudant: Kapinga akibaki humu ndani, kazi ni yangu. Nalisema kabla hujaniuliza.

Simpendi Kapinga. Anakaa Golf, mtaa wa wenye fedha, kwa mjomba wake, analetwa kwa gari, mimi nafika na vumbi mpaka kwenye nyusi. Hesabu zangu zinalingana mara ya kwanza. Zake mimi ndiye ninayezirudia, halafu ananiambia "merci, dada" kwa sauti tamu ya kunichoma moyo. Mashine ya kuhesabu, ile ya mkono wa kuzungusha, iko moja tu katika biro yetu na inafungiwa kabatini. Haukupita muda, citoyen Mumba akampa yeye ufunguo. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Feza, weye uko na akili ya hesabu, lakini Kapinga anajua kusema na bantu." Siku ile sikula.

Mnamo Ijumaa tarehe 17 Mai, kuanzia saa nne asubuhi, kampuni nzima ilikuwa uani kwa mazoezi ya nyimbo na ngoma za chama tawala, kwa ajili ya gwaride la sikukuu ya chama tarehe 20. Biro zilibaki tupu. Wanawake wote tulivaa kitenge kimoja cha chama tulichogawiwa na kampuni. Ukitutazama kwa nyuma, sisi wote ni mtu mmoja. Ila Kapinga. Chake kilishonwa mikono ya kuvimba na kola ya lesi, na kiuno kimemkaa kama amezaliwa nacho. Changu kilikuwa gunia. Na mimi ndiye mchumba wa fundi cherehani.

Fundi mwenyewe ni Sumaili, ana kibanda chake karibu na daraja la Naviundu. Posa yake ilipokelewa kwetu mwaka jana. Gauni langu alilishona mbiombio, akisema Alhamisi anakwenda Likasi kutafuta nyuzi na atarudi Jumamosi.

Ulipoanza wimbo wa mwisho, nilimwona Kapinga anatoka kwenye mstari, ameshika bega la kushoto. Nikasema moyoni, huyo anakwenda kujipendekeza kwa citoyen Mumba. Nilimwambia kiongozi wa nyimbo kwamba tumbo linanikata, nikamfuata. Hakwenda biro. Alizunguka ghala la unga, nami nikasimama kwenye pembe ya ukuta nikawa namwona vizuri.

Sumaili alikuwa pale. Yule wa Likasi. Kapinga aliketi juu ya gunia, Sumaili amesimama karibu naye mno, anamshonea mkono wa gauni uliofumuka begani. Alipomaliza upande mmoja, aliinama akakata uzi kwa meno. Fundi ana mkasi, shefu. Mkasi ulikuwa kwenye mfuko wa shati lake, niliuona.

Kapinga akamwambia, "Fanya mbio, banaimba ya mwisho." Hakufanya mbio. Na Kapinga hakuinuka. Walikaa pale wakicheka chinichini mpaka wimbo ukaisha na watu wakapiga makofi. Ndipo Kapinga akarudi uani, mimi nyuma yake. Muda wote huo hakuwa na mashine wala mzigo wowote, na mimi sikupepesa jicho.

Tuliporudi biro, kabati lilikuwa wazi, mashine haipo. Baba Mwape, mlinzi wa geti, alisema kwamba wakati wa wimbo wa mwisho alipita mwanamke mwenye kitenge cha chama, ameinama, amebeba mtoto mgongoni, amemfunika mpaka kichwa. Akamfungulia. Alipogombezwa alijibu, "Mama iko na mutoto analala, nitamufungua ku mugongo namna gani?" Simlaumu. Kwetu hakuna mtu anayemfungua mtoto aliyelala mgongoni kwa mama yake. Lakini siku ile hakuna aliyekuja kazini na mtoto.

Wakauliza nani hakuwepo kwenye mstari. Mimi nilikuwa na ruhusa yangu ya tumbo. Akabaki Kapinga, na ufunguo ni wake, ingawa sote tunajua aliuacha kwenye droo kwa sababu magauni yale hayana mfuko. Alipoulizwa alikuwa wapi, alinyamaza. Angesema nini? Kwamba amekimbia nyimbo za chama akakae na mwanaume nyuma ya ghala? Hiyo nayo ni kesi.

Jumapili Sumaili alikuja kwetu. Akamwambia mama yangu, "Nafika tu jana toka Likasi, mama. Njia iko mubaya sana." Mama akampakulia ugali wetu wa bukari na mboga ya sombe, akamfungia na ya kupeleka nyumbani katika bakuli lake la bati lenye ua jekundu, ambalo hata sisi watoto wake haturuhusiwi kulitoa nje. Mimi nikasema, nikimtazama usoni, kwamba Kapinga amefungwa. Alitazama chini. Akasema, "Masikini." Akaomba maji ya kunawa.

Jana nilicheza kwenye gwaride kama wengine. Kichwani najiambia, nyamaza tu, Feza, kazi itakuwa yako na bwana atakuwa wako. Lakini mtu ambaye sijamtoa machoni tangu Oktoba, nitasemaje sikumwona?

Aliyeiba simjui. Najua si Kapinga. Na bado simpendi, liandike na hilo.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu. Nimesomewa, sina la kupunguza.

(sahihi) Feza Amadi

Maandishi ya adjudant: Maelezo yamepokelewa saa tano asubuhi. Kapinga ataachiwa leo. Shahidi aliomba akae ndani mpaka mwenzake aondoke, nikamruhusu. Akiwa dirishani alimwona fundi Sumaili amesimama getini pamoja na watu walioleta chakula cha mahabusu. Aliniuliza huyo anamngoja nani. Nilimjibu kwamba tangu Jumapili jioni analeta chakula kwa Kapinga. Shahidi alitazama bakuli la bati lenye ua jekundu mikononi mwa fundi, kisha akataka niongeze katika maelezo yake kwamba bakuli lile ni la mama yake, na anaomba arudishiwe.

(sahihi) Mukuka