Karata Ninazoshindwa Kutupa

Jumapili, 12 Aprili

Sauti ya haragwe likigonga sinia. Inanirudia tangu mchana. Ndogo, kavu, mara moja tu. Haragwe langu, na aliyelitupa ni mimi mwenyewe.

Baada ya misa nilifua. Nikaanika ndani kwa sababu ya mvua, kisha nikaenda barazani kwa Kondo kama kila Jumapili. Walimu tunaoishi hapa shuleni ni watatu: Kondo wa Hisabati, Flora wa Kiswahili, mimi wa Biolojia. Kila mwisho wa wiki mmoja hubaki na wanafunzi wa bweni, wawili hushuka Morogoro. Zamani tulipangiana zamu kama watu wazima. Sasa tunacheza poka kwa maharage. Ikifika Ijumaa, mwenye maharage machache ndiye anayebaki. Ukiishiwa kabisa, zamu zote ni zako hadi shule zifungwe. Na hakuna kikomo: ukitaka weka moja, ukitaka weka yote.

Nimebaki na manne. Nilianza muhula nikiwa na kiganja kizima.

Jumanne, 14 Aprili

Mama amepiga simu. Kikao cha ukoo ni Jumamosi ya tarehe 25. Watagawa mashamba ya bibi. Lile la kijitoni bibi alisema ni langu, alisema mbele ya watu. Lakini siku ya kugawa mrithi lazima awepo, ashike jembe mwenyewe mpakani. Asipokuja, mjomba atahesabu kwamba hana haja.

"Salome atakuwepo," mama alisema. "Huyo hakosi."

Salome ni binti wa mama mdogo. Tumelingana umri. Aliishia darasa la saba.

Nimemwambia mama nitakuja. Nimesema kwa sauti ya mtu mwenye maharage mengi.

Jumatano, 15 Aprili

Nimeshinda mawili. Nilikuwa na tisa na nne, karata za kutupa, na zile za wote zinazofunuliwa mezani zikanipa tisa nyingine mbili. Flora alipiga makofi. Nilikosa usingizi kwa furaha. Ni aibu kuandika, lakini ndivyo.

Jumapili, 19 Aprili

Yameisha.

Niandike ilivyokuwa. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Nikapata ree na tano. Ree ni karata kubwa kuliko zote, tano si kitu. Hesabu yake ninaijua, na ndiyo inayonichoma. Ree ikitokea mezani, wenye karata mbovu hukimbia. Anayebaki kukufuata ni yule mwenye ree kama wewe, na karata kubwa pembeni. Ukishinda unaokota punje. Ukishindwa unaacha ghala. Ningeweza kuwafundisha kidato cha tatu jambo hili ubaoni.

Ree ikatokea mezani. Kondo akasukuma rundo lake lote katikati.

"Madam Tekla, tupa hizo. Nakuambia kama ndugu."

"Unanitisha tu."

"Mimi? Mimi ni mtu wa dini."

Nikaweka yote. Alikuwa na ree na mfalme.

"Mwalimu wa zamu wa kudumu!" Flora alicheka mpaka akashika mbavu. Nami nikacheka. Nikarudi chumbani, nikakaa juu ya nguo mbichi.

Jumatatu, 20 Aprili

Kwa nini situpi? Nimejiuliza siku nzima, hata nikifundisha.

Kutupa karata ni kukaa pembeni ukiangalia wenzako wanacheza. Siwezi kukaa pembeni. Sijawahi. Nikishikishwa kitu mkononi, nakiona kizuri kwa sababu kipo mkononi mwangu.

Ukungu umeshuka mpaka uwanja wa gwaride. Mji hauonekani. Ni kama haupo.

Jumatano, 22 Aprili

Sikuwaomba wanibadilishie. Kiburi, ndiyo. Lakini pia najua: Jumamosi Kondo anakwenda Dumila na wajomba zake kupeleka posa. Flora mumewe yuko Kihonda na mtoto, wanaonana wikendi tu. Nani nimwambie akae?

Flora ndiye aliyeanza. Mama yangu alimpigia yeye, akitaka kujua kwa nini sipokei simu.

"Mbona hukusema, wewe? Haya. Mchezo mmoja. Ukishinda, unashuka Jumamosi, nabaki mimi. Nikishinda, zamu zangu za muhula ujao wote unafanya wewe. Kondo, gawa."

Kondo alinitazama. "Ukitupa, hudaiwi kitu."

Mfalme na tatu. Kopa zote mbili, nyekundu, zinapendeza. Nikawaona wanafunzi wa bweni wa muhula ujao wamepanga foleni ya uji, nami nimesimama mbele yao. Na bado niliona shamba. Mkono wangu ulikuwa umeanza kwenda.

Nikazitupa.

"Heee!" Kondo akasema. "Leo amekuja nani?"

Hakuna aliyecheka sana. Flora alizikusanya karata bila kunionyesha zake. Sikuomba kuona.

Ijumaa, 24 Aprili

Wameshuka mchana, mvua ilipopumzika. Niliwasindikiza hadi getini.

Nimekuwa nikilifikiria lile shamba. Mara ya mwisho kulikanyaga nilikuwa chuoni. Nilipiga picha kijitoni. Salome alikuwa anapalilia kabeji, akatuma watoto wakaniletee ndizi. Bibi alipoanguka, Salome ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani. Mimi nilituma ujumbe mrefu.

Nina nini mkononi, basi? Neno la bibi. Hilo ndilo ree. Pembeni yake hakuna kitu.

Naogopa kwamba nasema hivi kwa sababu nimefungiwa hapa. Huenda ningekuwa na maharage nisingefikiri hivi.

Jumamosi, 25 Aprili

Zamu. Uji, usafi, vipindi vya kujisomea. Mtoto mmoja wa kidato cha kwanza ana homa, nimempa dawa, amelala. Hakuna mvua. Chini huko mabati ya mji yanang'aa.

Mama hajapokea simu zangu. Atapokea kesho, au wiki ijayo.

Nilimpigia mjomba asubuhi, kabla hawajatoka kwenda mpakani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Uko wapi? Tunakungoja."

Nikamwambia sitakuja. Nikamwambia la kijitoni apewe Salome, na nasema hivyo kwa hiari yangu, asiseme nilikosekana. Nyuma yake nilisikia watu, na jembe likigongwa kwenye jiwe kuondoa udongo.

"Umefikiri, mpwa wangu?"

Nikasema ndiyo. Akaita, "Salome! Njoo na jembe lako." Simu ikakatika.