Nyumba Saba za Makwale

Jumatatu, 2 Februari
Kijiji cha Ipyana asubuhi, Makwale mchana. Spika kwenye keria ya baiskeli, betri ya gari kapuni, kanda inazunguka. Sauti yangu. Karatasi ya Bwana Afya ya kipindupindu inasema "lita moja". Nani ana kipimo cha lita nyumbani? Nimetangaza kwa Kinyakyusa: chemsha maji yote ya kunywa. Akiharisha mtu, maji hayo chupa mbili za bia, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko. Watu wameelewa. Bwana Afya hajashukuru. Anasema nimetangaza pombe.

Jumatano, 4 Februari
Bwana Afya kakagua nyumba arobaini na moja Makwale. Thelathini na nne zinachemsha maji. Saba hazichemshi. Kaja kunisema kibandani, mbele ya wateja: "Fundi, watu wako wakaidi." Miaka kumi na minne natengeneza redio za wilaya hii, bila cheti cha chuo chochote, na bado analitamka neno fundi kama tusi. Imeniuma. Nikaomba orodha ya hizo saba.

Nimeisoma mara tatu. Wake wa wanangu, wawili. Wake wa watoto wa marehemu kaka, watano. Wakwe zangu wote. Hakuna mwingine.

Alhamisi, 5 Februari
Jibu kanipa jirani yao, muuza ndizi: "Wakisikia sauti yako wanaacha ndoo, wanaingia ndani, wanafunga mlango. Ulitaka wamkodolee macho baba mkwe?"

Mimi mwenyewe Mnyakyusa. Mkwe hakai nilipo. Nikipita njiani anajificha. Na mimi nimejipeleka kwa spika mpaka jikoni kwake. Mjinga.

Bwana Afya, mtu wa kuja, haamini. "Hata kanda ni mkwe?"
Hata kanda.

Jumamosi, 7 Februari
Mke wa mmoja wa watoto wa kaka kalazwa tangu jana. Dripu ya nne. Mama Gwamaka, mke wangu, anamuuguza.

Namuwaza mke wa Gwamaka. Mimba ya miezi minane, mume yuko Karonga kuuza mchele. Miaka mitatu hatujasemeshana neno, lakini namjua. Samaki mbasa anaonitumia huwa ameshawatoa miiba, tangu asikie meno yangu yanapungua. Nampenda kama wa kumzaa. Nimemfungia mlango kwa mdomo wangu.

Mchana Mama Gwamaka karudi kubadili nguo. Anatoka wodini, hataki kumsogelea mjamzito. Nimemkalisha mbele ya redio arekodi. "Mimi sitaji bia, nitasema chupa tu." Ameitaja. Mara mbili.

Jumatatu, 9 Februari
Makwale. Nimeegesha baiskeli njia panda, nimebonyeza, nimerudi hatua sitini nyuma ya miti ya kokoa. Sauti ya Mama Gwamaka ikawaita wakwe zake mmoja mmoja kwa majina. Sikusikia mlango kufungwa. Sikuchungulia. Upande wa kwanza wa kanda ukaisha, nikaenda kugeuza huku nikitazama chini, nikarudi.

Saa tisa, si saa ya kupika, moshi ukatoka jikoni kwa Gwamaka. Kisha nyumba ya pili. Nilikaa mpaka nikahesabu sita.

Wa saba yuko wodini. Leo amekunywa uji.