Anasikia, Sema Naye

Utende, Mafia,
12 Agosti 2009.

Mpendwa mdogo wangu Haruni,

Marahaba, maana najua ungeniamkia kwanza. Hujambo, baba? Vumbi la Tabora limekuachia kifua? Mimi mzima, alhamdulillahi. Eda ya shemeji yako Mfaume nimeimaliza, nimerudi kwenye mwani wangu, ingawa bado nateleka chai ya watu wawili.

Mbaraka, mwenzako wa kazi, alipokuja likizo alinieleza kuwa umeomba kutolewa wodi ya dharura, upewe kazi ya ofisini. Alisema tangu msiba wetu hutaki tena kuitwa kwa mtu aliyeumwa na nyoka. Nimehuzunika. Wewe usiyeogopa nyoka tangu utotoni, ndiye uliyeficha ngozi ya nyoka ndani ya kofia ya baba, akaenda nayo msikitini.

Basi nikupe habari. Mwezi uliopita Amina, binti wa jirani yetu Bi Siwatu, aliumwa na swila akirundika makumbi ya nazi. Mzee Shamte akaja mbio na wembe ili amchanje jeraha. Wanawake wakamzuia: "Huo kanyolee ndevu zako, babu." Tukamvua Amina bangili, tukamlaza ubavu kama ulivyotufundisha, na gari la hifadhi ya bahari likatupeleka hospitali ya Kilindoni.

Njiani kope zilimwanguka, kinywa kikalegea. Bi Siwatu akaanza kuomboleza, "Amina wangu, mvivu wangu, umeniacha na nani?" Nikamwambia, "Nyamaza, anasikia. Sema naye." Tukasema naye mpaka hospitali, akapokewa na vijana uliowafunza wewe, akapewa dawa. Alipopata sauti, neno lake la kwanza kwa mama yake lilikuwa, "Nilisikia ulivyoniita mvivu."

Haruni, maneno yale niliyapata kwako. Mfaume alipoumwa na nyoka, mguu haukuvimba, akasema nyoka kakosea, akaendelea kufua nazi. Alipoletwa kwako Kilindoni, kabla hujahamia Tabora, alikuwa hawezi kufumbua macho. Ulikuwa ukibana ule mfuko wa kumpa pumzi, jasho linakutiririka, na watu wamekwishaanza kusoma Yasini. Ukanisogezea kiti kwa mguu, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Ukasema, "Dada, hajaondoka. Anasikia, sema naye."

Nikamwambia yule mbuzi wetu mweupe amezaa pacha. Nikamwambia radhi zangu zote anazo. Kidole chake kikasogea ndani ya kiganja changu.

Wewe unasema ulishindwa siku ile. Mimi nasema mume wangu hakuondoka bila kuniaga, na ni wewe uliyetupa nafasi hiyo. Huko Tabora yuko mwanamke atakayesimama mlangoni kama mimi, akidhani mumewe kesha kufa. Ukiwa ofisini, nani atamwambia?

Ninakuomba, mdogo wangu, usiiache kazi yako ya wodini.

Nisalimie mkeo Rukia, na umbusu mwanao Muhidini kwa niaba yangu. Mama mdogo na watu wa Jibondo wanakusalimu sana. Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako, akupe na usingizi mwema.

Nikupendaye siku zote,
dada yako Arafa.