Vijiti Virefu Viko Stratford

Yakhe Khamis,

Vijiti vyako ninavyo. Nilikwenda Stratford kwa mwanao Rukia siku ya arubaini yako, nikaingia jikoni kifua mbele, nikamwambia, "Mwanangu, hivi haki yangu," akanikabidhi kwa mikono miwili na chozi juu. Sasa viko hapa Queensbury, mezani kwangu, virefu vyako ubavuni mwa vifupi vyangu, na wali naulia vijiti hivyo, punje moja moja, kama mfalme wa Japani.

Uongo mtupu. Najua ushacheka, hata huko chini kwenye udongo wa baridi tulikokulaza. Vijiti viko kwa Rukia. Mie siku ile kuviomba sikufungua mdomo, niliufungua kutia kachori, na wali bado naula kwa mkono kama mama yangu alivyonifunza. Ila nimekamata kalamu, mie niliyeikimbia skuli ingali asubuhi, kwa sababu kuna jambo linanikosesha raha. Vijiti vyako vinakufa, Khamis. Mwanao anakaangia.

Nitakueleza. Kwanza hali. Yako sikuulizi, nimeiona kwa macho yangu. Yangu ni hiyo hiyo, magoti na kikohozi. Kilichobadilika ni kwamba watu wananiheshimu, na hilo ndilo litakaloniua. Msikitini wananiita Mzee Osmani. Juzi kwenye treni kijana kanipisha kiti, nikakaa, nikageuka dirishani maana macho yamejaa maji. Wewe ungenipiga kumbo ukakaa mwenyewe, kisha ungeniuliza, "Kwani wewe Mkachi umechoka nini, umebeba nini?" Hakuna tena wa kunambia hivyo. Jumamosi zimekuwa refu. Ulikuwa unapanda treni Stratford, unalala njia nzima mdomo wazi, unashuka hapa na gazeti la watu uliloliokota kitini. Sasa Jumamosi ikifika nafua. Nafua hata nguo safi.

Siku zile za mwanzo nazikumbuka kuliko za jana. Mwaka ule Wahindi wa Uganda walipofukuzwa, huku kwa Waingereza Queensbury ikajaa watu wenye makoti ya kupewa, mikono ya koti imefika magotini. Mie nimetoka Kiponda na pasi ya Mwingereza na masanduku mawili, wewe umetoka Wete kwa ubaharia na huna hata sanduku. Tukapanga chumba kimoja juu ya duka la viatu. Mwenye nyumba akatuuliza tunajuanaje, Mhindi wa Kachi na Mpemba. Ukamjibu, "Huyu ndugu yangu, alizaliwa mchana mimi nikazaliwa usiku." Yule bwana hakucheka. Sisi tulicheka mpaka Ijumaa.

Na kazi tukapata pamoja, kufagia na kubeba mizigo kwenye lile jengo la flati karibu na mto. Ndipo alipokuwa akikaa Bibi Haruko, yule ajuza wa Kijapani, mjane, mdogo kama kifaranga. Lifti ikiharibika, na ilikuwa ikiharibika kila mvua ikinyesha, wewe unambeba mgongoni mpaka juu, mie nafuata nyuma na kikapu chake huku nalalamika. Kiingereza chake kibovu, chetu kibovu zaidi, lakini ngazi zile tumezungumza mengi.

Alipokuwa anarudi kwao akatuita. Akatupa kisanduku cha mbao nyepesi, ndani mna jozi mbili za vijiti vya kulia, moja ndefu na moja fupi. Nakumbuka ulivinusa, ukidhani ubani. Vilikuwa vyeusi, vimepakwa utomvu wa mti tabaka juu ya tabaka mpaka vinang'aa kama kioo, na sehemu ya kushikia vimevikwa ganda la mti wa mcheri, la mwituni, jembamba, rangi ya halua iliyoungua kidogo, na mistari mistari ya mlalo. Ganda lenyewe lilikuwa halijang'aa. Bibi Haruko akasugua kidole gumba juu yake, akatuonyesha kiganja, akasema kwa Kiingereza chake kile, "Mkono, kila siku. Mafuta ya mkono. Yeye kula, yeye ng'aa." Tukaitikia kwa vichwa kama tumeelewa. Wewe mrefu ukachukua virefu, mie kibonge nikachukua vifupi. Nani angedhani kuna mtego.

Kisha ukahamia kazi ya kuosha masahani kwenye mkahawa wa Kijapani, ukamuuliza mpishi habari ya vile vijiti. Usiku ule ulipanda ngazi huku unacheka peke yako, nikajua nimekwisha. Ukanisimamisha katikati ya chumba, ukanishika kidevu. "Haya mke wangu, chai iko wapi?" Kumbe vile vijiti ni vya arusi. Virefu vya mume, vifupi vya mke. Nikakwambia tubadilishane, ukasema ndoa ishafungwa na Bibi Haruko ndiye kadhi.

Miaka yote hiyo, Khamis! Mbele ya watu, kwenye simu, hata siku moja mlangoni mwa msikiti, sheikh anapita, na wewe unaniita, "Mke wangu, viatu vyangu umeviweka wapi?" Sheikh akastaghafiru. Mie nilitamani nizame kwenye zulia.

Halafu ukaoa kikweli, ukamwoa Zuwena, Mungu amrehemu, mkahamia Stratford. Mwaka wa kwanza nikakuuliza kama vile virefu bado unavyo. Ukasema ulikorogea rangi ya ukuta, ukavitupa. Nikakujibu na vyangu najikunia mgongo. Sikuwa najikunia. Vyangu viko ndani ya kisanduku kile kile, chini ya soksi, sijavitumia hata kwa wali wa jana. Nilivificha visije vikaharibika. Na maneno yako yale ya rangi ya ukuta yaliniuma, sikukwambia. Mwanamume mzima anaumwa na vijiti.

Sasa njoo hospitali. Sitaki kuandika habari ya hospitali, nitaandika kidogo tu. Siku ile ya mwisho ya kula, Rukia kaleta bokoboko, mie nakulisha kwa kijiko, ukafunga mdomo kama mtoto. Sauti imekwisha. Ukatoa mkono chini ya shuka ukachezesha vidole, gumba na viwili vya pembeni, vinafunguka vinafumba. Nikadhani unataka sigara. Nikakwambia, "We maiti mzima, mapafu yote yamekwisha, bado unataka moshi?" Ukanitazama. Ukachezesha tena. Kisha ukaacha, ukageukia ukutani.

Sikufahamu. Wallahi sikufahamu mpaka arubaini.

Siku ya arubaini nyumba ya Rukia ilijaa, juzuu zimegawiwa, watu wanasoma, mie macho hayaoni herufi nikaenda jikoni kuomba maji. Mwanao amesimama kwenye jiko, karai la mafuta linachemka, na anageuza kachori kwa vijiti vyako. Nilishika mlango. Vijiti virefu, Khamis, vyeusi, ncha zake zimo ndani ya mafuta ya moto. Utomvu umeumuka malengelenge kama ngozi iliyoungua, na ncha moja imeshachubuka mpaka kuonyesha ubao. Lakini juu, kwenye ganda la mcheri! Linang'aa kama kokwa ya tende iliyonyonywa. Na pale pale pa gumba na vidole viwili pameng'aa zaidi ya pengine, pamezama kidogo, unaweza kuona jinsi mtu alivyokuwa akishika.

Nikamuuliza, navijua lakini nikamuuliza, "Hivyo nini, mwanangu?" Unamjua Rukia, Kiswahili anakisikia chote na hajibu ila kwa Kizungu. Akanambia, "Vya Baba, Ami. Alikuwa akila navyo chakula cha mchana kila siku, tangu sijazaliwa. Muhogo, ndizi, samaki. Hata urojo alijaribu, akajimwagia. Mama alikuwa akimcheka." Nikamwuliza kwa nini anakaangia. Akasema, "Nikivishika nahisi nimeshika mkono wake. Sitaki vikae kwenye droo." Akageuza kachori nyingine. Mafuta yakaruka.

Basi nikajua ulichokuwa ukiomba kitandani. Hukutaka sigara. Ulitaka vijiti vyako ule navyo, na mie mwenye vya pili nimekaa pembeni na kijiko cha plastiki nakutukana. Nilikunywa maji ya bomba glasi nzima nimempa mwanao mgongo.

Na hapo ndipo nilipokwama. Nilitaka kumwambia, "Zima jiko, nipe." Nilikuwa nishanyoosha mkono. Lakini nimwambie nini? Akiuliza vinakuhusu nini, nianze, "Mwanangu, mie na babako tulikuwa na seti ya arusi"? Watu wamejaa sebuleni, sheikh yule yule yupo, anakumbuka viatu. Halafu jambo la pili, zito kuliko la kwanza. Nikivichukua, namnyang'anya mtoto mkono wa babake. Nikiviacha, Ramadhani moja tu ya sambusa na kachori, vimekwisha. Moto wa mafuta utakula ule utomvu, utapanda, ganda la mcheri litakauka na kubanduka, na kiganja chako chote kilichoingia mle kitaelea juu ya karai pamoja na mapovu.

Nikala kachori. Zilikuwa tamu, samahani kukwambia. Nikapanda treni, nikarudi, njia nzima macho kavu kama mawe.

Wiki nzima nimekaa nalo. Jana nikatoa kisanduku chini ya soksi, nikafungua. Vifupi vyangu vizuri, vipya, kama vimetoka dukani. Na ganda lake limefifia, kijivu, limekufa. Hakuna aliyelishika. Mie niliyejidai kuvitunza nimetunza vijiti tu, na wewe uliyejidai kuvitupa umeacha mkono wako humo. Ni mtu mwongo sana wewe. Tulikuwa waongo wawili chumba kimoja.

Basi nimeamua, na hii ndiyo ahadi. Jumamosi napanda treni, Queensbury mpaka Stratford, mwisho wa laini, na kisanduku mfukoni. Vifupi nitampa Rukia. Nitamwambia hivi ndivyo vya jikoni, kaanga utakavyo, viungue, vichubuke, havina mkono wa mtu ndani yake. Vile virefu viondoe motoni. Usivitie droo pia. Viweke mezani, ule chakula navyo, mkono wako uingie juu ya wake. Unaona? Mke anaingia jikoni kuungua, mume anakaa mezani. Ndiyo hiyo dunia uliyoitaka, furahi.

Na mie sitaki nivichukue tena. Nilichokiandika mwanzoni kilikuwa tamaa. Nataka nivishike tu. Nikienda Jumamosi, kabla ya chai, anipe dakika nitie gumba langu pale ulipotia lako. Nitamtazama na yeye pia, usiwe na wasiwasi. Nitakwenda kila Jumamosi mpaka miguu ikatae. Lala, ndugu yangu. Mvua hapa haijakata tangu tukuweke, lakini kaburi lako liko juu kidogo, nimeliangalia, maji hayasimami.

Kimebaki kitu kimoja, kidogo. Mdomo, Khamis. Mie natukana vizuri, kuomba sijui. Sasa nikukumbushe. Nani aliyekwenda kwa babake Zuwena kukuposea? Wewe ulikaa nje kwenye ngazi, kofia mkononi, umetota jasho kwenye baridi ile, unanambia, "Ingia wewe, mie ulimi haunyanyuki." Nikaingia. Nikamwambia mzee wa watu kwamba unasali zote tano kwa wakati, huvuti sigara, hukoromi. Nilisema mpaka mate yakakauka, na hukunishukuru mpaka leo. Jumamosi, nikishabonyeza kengele ya Rukia, mie ndiye nitakayekuwa kwenye ngazi. Ingia wewe ndani, unisemee.

Wako,
Osmani