Udongo wa Migombani

Jumatatu, 3 Novemba
Tangazo kwa taifa zima: kifuniko cha chupa ya chai kimepotea. Bendera nusu mlingoti. Mtuhumiwa ni Kemi, binti yangu wa miaka mitatu. Kila kitu mdomoni.
Ndiyo maana wageni wa leo wamenikaa vibaya. Wataalamu kutoka Bukoba. Wanapima risasi kwenye damu ya watoto. Si ya bunduki. Ile ya betri kuukuu, ambayo mume wangu anaiyeyusha nyuma ya jiko kutengeneza vizito vya nyavu. Wanasema inadumaza akili ya mtoto polepole.
Mume wangu kacheka. "Mimi nimekulia humo. Unaniona mjinga?"
Nimeendelea kumenya ndizi.

Jumatano, 5 Novemba
Kemi katolewa damu. Kilio kimefika ziwani. Wamefuta vumbi sakafuni kwa kitambaa, wakachota udongo uani, wakaondoka na mwanasesere wake.
Kisha migombani. Baba mkwe akawaonyesha mkungu wake kama askofu anayeonyesha kanisa jipya.
"Jamani waitu, siri ni jivu. La kuni, la betri, yote tunamwaga hapa. Mgomba hauchagui."
Dada mmoja wa wale wataalamu, aliyekuwa anaandika, akaacha kuandika. Nilimwona.
Kemi anashinda pale, kivulini. Udongo wake anaula.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimemkataza kwenda migombani. Kaenda. Nimembeba. Kaenda tena.
Nimemwambia mume wangu aache kuyeyusha. Kasusa chakula. Jirani kaniita "daktari" mbele ya watu kisimani. Nimemwambia foleni ya wagonjwa ianzie kwake.
Siku nzima namchunguza Kemi kama polisi. Nilimwuliza jina la mbuzi, hakujua. Moyo ukanilipuka. Baadaye nikakumbuka mbuzi wetu hana jina.

Jumatatu, 10 Novemba
Majibu bado. Nina hasira na kila mtu anayekohoa.

Alhamisi, 13 Novemba
Zahanati. Yule dada alinitafutia kiti kwanza. Nikajua.
Risasi kwenye damu ya Kemi imezidi hata ya watoto wanaoishi mwaloni, kwenye mitumbwi na moshi wa betri. Udongo wa migombani ndio mbaya kuliko vyote. Dawa ya kiwango chake hakuna. Atolewe pale, ale vizuri, apimwe tena.
Kilichokwisha kuharibika? Nimeuliza. Kasema hawezi kujua.
Baba mkwe kasikiliza hadi mwisho. "Lakini jivu..." Akaishia hapo. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Alikuwa anajikwangua udongo kwenye kucha.
Mume wangu ndiye aliyesema, "Mpeleke Kaagya kwa bibi yake."

Jumapili, 16 Novemba
Kaagya. Mvua ya asubuhi. Kemi kala ndizi na maharage, kalala mapajani mwa mama yangu. Nimemwosha kucha moja moja.
Mume wangu kapiga simu. Nyumbani hayeyushi tena. Kazi kaihamishia kisiwani, Goziba.
Goziba kuna watoto.