Hatua Niliyoiruka

Kwako Mjomba wangu mheshimiwa,

Natumaini waraka huu utakukuta u mzima, na goti la Mama limepoa.

Naomba kwa unyenyekevu usinitafutie nafasi dukani kwako. Ni kweli nimekosa kazini, kama ulivyosikia, lakini kazi siiachi. Katika programu yetu ya kukokotoa milinganyo kwenye kompyuta kuu, niliondoa hatua ya kupanga upya mistari ya namba, ile inayozuia makosa madogo yasikue, ili kazi iende mbio, nikajisifu. Wahandisi wanaoitumia kupima uimara wa daraja jipya wakapata majibu ya uongo.

Mkuu wangu aliniuliza, "Fundi, mbio hizo zilikuwa za kwenda wapi?"

Nikaifungua programu palepale.

Daraja halijaanza kujengwa. Hatua nimeirudisha, na majibu yote mia nne nayakagua upya. Nimefika la thelathini, wala sibanduki.

Mpwa wako mtiifu,
mkokotozi asiyekimbia tena